Usiing'oe Fremu: Vioo Viwili Katika Dirisha la Zamani

Kabla hujampigia simu muuza madirisha yeyote, chukua bisibisi nyembamba uende kwenye dirisha bovu kuliko yote nyumbani mwako. Sukuma ncha yake kwenye ubao wa chini, pale maji ya mvua yanapopenda kutuama, kisha kwenye kona mbili za chini. Ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa, hapo pameoza. Tia alama ya chaki. Endelea juu, kagua pande zote mbili na kichwa cha dirisha. Mara nyingi utakuta uozo umeshika sentimita chache za chini tu, na kwingineko kote mbao zingali ngumu kama siku seremala alipozifunga.

Nawaandikia hasa wenzangu tunaoishi Uingereza katika zile nyumba za matofali za zama za Malkia Victoria na za mwanawe Edward. Madirisha yake ni ya mbao, kioo kimoja chembamba, na ikifika Januari mtu hukaa karibu nayo kajifunika blanketi. Anayekuja kukupimia atakwambia mbao zimekwisha, zing'olewe zote, uwekewe plastiki nyeupe. Kwa dirisha moja moja huenda anasema kweli. Kwa nyumba nzima, sijaona bado.

Mbao zile zilitokana na msonobari wa Skandinavia na nchi za Baltiki. Mti uliokulia kwenye baridi hukua polepole, pete zake hubanana, na mbao yake hujaa utomvu. Msonobari unaouzwa leo kwa bei ya chini umekuzwa haraka na kukatwa mapema. Anayetoa fremu ya mwaka 1895 akaweka mbao mpya ya bei poa ameuza mninga akanunua mkaratusi. Na fremu ya mbao ina jambo moja ambalo ya plastiki haina: hutiwa kiraka. Ya plastiki ikipinda, dawa yake ni kuing'oa na kununua nyingine.

Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo: fremu inabaki, kioo kinabadilika. Na kioo chenyewe kinakuja mwisho kabisa, baada ya mbao na baada ya upepo.

Joto linapita wapi

Wahandisi hupima joto linalopotea kwa kuhesabu wati zinazopita kwenye mita moja ya mraba ya dirisha kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kioo kimoja hupitisha wati 5 na ushei. Kioo pacha chembamba, yaani vioo viwili vilivyofungwa pamoja vikiwa na gesi katikati, unene wote milimita 12 hadi 14, hupitisha karibu 2. Kioo pacha cha kawaida cha milimita 24 hushuka hadi 1.2 hivi katikati ya kioo. Kioo cha ombwe, ambacho hewa ya katikati imenyonywa ikatoka, hufika 1.1 au chini ya hapo.

Tufanye hesabu ya dirisha moja. Upana mita 1.2, urefu mita 1.5, eneo mita 1.8 za mraba. Ndani digrii 20, nje 5, tofauti 15. Kioo kimoja: 1.8 mara 15 mara 5, wati 135. Kioo pacha chembamba: wati 54. Ukiwa na madirisha sita ya namna hiyo, umeokoa wati 486, karibu nusu ya hita ndogo ya umeme inayowaka mchana na usiku. Si haba. Lakini nikwambie ukweli: bili haitarudisha gharama hiyo kwa miaka miwili mitatu, na anayekuahidi hivyo anataka kukuuzia kitu. Utakachopata mara moja ni starehe. Utaweza kuweka kiti karibu na dirisha mwezi wa Februari, na mtoto akafanya kazi zake za shule pale bila kuvaa koti.

Hesabu hiyo haikugusa upepo, na katika dirisha kuukuu upepo ndio mwizi mkubwa. Washa kijiti cha udi siku yenye upepo, ukipitishe polepole kwenye mipenyo yote. Moshi ukilala upande, umempata. Vipande vya brashi nyembamba na mpira vinavyochomekwa kwenye mifereji ya mbao hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kioo, na kuna nyumba ambazo wenyewe wakishaweka hivyo hawaoni tena haja ya kuendelea. Huo nao ni uamuzi mzuri. Kazi ya vioo inaweza kungoja mwaka mwingine.

Ruhusa

Aliyewahi kukaa Mji Mkongwe wa Unguja anajua kwamba nyumba inaweza kuwa yako na mlango wake usiwe wako wa kuufanya utakavyo. Mji ule uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ipo mamlaka inayosimamia hifadhi yake. Uingereza ni hivyo hivyo, ila wana madaraja mengi zaidi. Nyumba iliyoorodheshwa rasmi kuwa ya kihistoria haiguswi dirisha bila kibali cha halmashauri, na England kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990. Nyumba iliyo katika eneo la hifadhi ina nafuu kidogo, lakini baadhi ya halmashauri zimeweka masharti ya ziada mtaa kwa mtaa. Tafuta anwani yako kwenye ramani ya halmashauri yako, au waandikie barua pepe uliza. Jibu lao litunze.

Wenye fleti wawe waangalifu zaidi. Mikataba mingi ya fleti humpa mnunuzi kioo, na fremu ikabaki mali ya mwenye jengo. Usome mkataba kabla hujashika randa.

Habari njema ni hii: kwa kanuni za ujenzi za England, ukibadilisha kioo peke yake na fremu ikabaki palepale, hiyo haihesabiwi kuwa dirisha jipya, kwa hiyo hulazimiki kufikia viwango vya joto vya madirisha mapya. Usalama ni jambo jingine. Kioo kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, na kile kilicho ndani ya milimita 300 kutoka ukingo wa mlango hadi kimo cha milimita 1500, kiwe kile kinachovunjika chembechembe au chenye utando wa plastiki katikati. Mwambie muuzaji tangu siku ya kwanza, maana kioo kigumu cha namna hiyo hakikatwi tena kikishachomwa.

Rula inaamua

Sasa tufike kwenye kiini. Tazama bawa la dirisha kwa upande wa nje, yaani ile sehemu inayofunguka na kushika kioo. Ndani ya ukingo wake seremala alichonga kidaraja, kioo kikakalishwa humo, kikabanwa kwa puti. Kidaraja hicho nitakiita mfuo. Mfuo una vipimo viwili na vyote viwili ni muhimu: kina, kutoka uso wa nje wa mbao hadi pale kioo kinapoegemea, na kimo, yaani kiasi ambacho mbao inakifunika kioo pembeni.

Kina kwanza. Nyuma ya kioo unahitaji milimita 2 au 3 za utepe wa gundi. Kioo pacha chembamba kina 14. Mbele yake unahitaji fito au puti ya milimita 10 hivi. Jumla ni 26 au 27. Bawa la unene wa milimita 44, ukiacha nakshi ya ndani inayochukua 15 hivi, linabakisha 29. Linatosha kwa shida. Bawa la milimita 38 halitoshi, na fundi atakayekwambia atachonga hadi litoshe anakuachia ubao mwembamba kama rula ya shule. Hapo ndipo kioo cha ombwe kinapofaa: unene wake huanzia milimita 6 na kidogo, kwa hiyo hukaa kwenye mfuo uleule wa zamani, mara nyingi bila kuchonga chochote.

Kisha kimo. Kioo pacha kina kiunzi chembamba pembeni kinachotenganisha vioo viwili na kufunga gesi ndani. Kiunzi hicho kifichwe na mbao, kwa sababu mbili: kinaonekana vibaya, na jua likikipiga moja kwa moja gundi yake huchoka mapema. Kioo kisiguse mbao pembeni, kiachiwe milimita 3 kila upande. Kioo pacha chembamba kikiwa na kiunzi cha milimita 5 au 6, mfuo wenye kimo cha milimita 10 unakificha. Kile cha kawaida kina kiunzi cha 10 au zaidi. Kwenye dirisha la zamani kitachungulia.

Kuna madirisha ambayo yana vioo vidogo vidogo, sita au nane katika bawa moja, vikitenganishwa na vijiti vyembamba. Madirisha haya yana ukaidi wake. Vijiti vile havina nyama ya kuchongwa, na kila kioo kidogo kikipewa kiunzi chake, kiunzi kinakula sehemu kubwa ya kioo na joto linapita pembeni. Kuna wanaoweka kioo pacha kimoja kikubwa na kubandika vijiti vya bandia juu. Kwa mbali hupendeza. Kwa karibu, sivipendi, na maofisa wa hifadhi hawavipendi zaidi. Kioo cha ombwe kidogo kidogo, au dirisha la pili kwa ndani ambalo nitalieleza mbele, ndiyo njia.

Na kabla hujavunja kioo chochote, simama nje jioni utazame taswira ya nguzo ya taa ndani yake. Ikitetemeka na kupinda unaposogeza kichwa, una kioo cha kale kilichopulizwa kwa mdomo au kuvutwa kwa mitambo ya zamani. Kioo bapa cha leo, kinachotengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, kilitangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959, na hakitetemeki. Kile cha kale hakitengenezwi tena kwa wingi. Mimi ningekiacha.

Kuagiza

Usipime kwa kukadiria. Toa puti ya zamani kwanza angalau kwenye dirisha moja uone mfuo ulivyo, kisha pima upana mahali patatu na urefu mahali patatu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa milimita 6. Hicho ndicho kipimo cha kioo chako. Pima na mishazari miwili pia; ikitofautiana, dirisha limekwenda upande, na nyumba yenye miaka mia na ushei ina haki hiyo. Kioo cha pande zisizo mraba huagizwa kwa kigezo cha karatasi ngumu.

Kwenye oda andika mambo manne: unene wote, gesi, utando wa kurudisha joto, na aina ya kiunzi. Agoni ndiyo gesi ya kawaida; kriptoni ni ghali lakini ndiyo inayofaa pale nafasi kati ya vioo ni finyu. Utando ni wa madini, hauonekani kwa macho, na hukaa kwenye uso wa kioo cha ndani unaotazama gesi. Kiunzi kiwe cha plastiki, si cha alumini, maana alumini hupitisha baridi na pembe za kioo zitatoa jasho.

Vioo vikifika, usimwachie dereva aondoke kabla hujavikagua. Washa kiberiti karibu na kioo: utaona miali minne. Mmoja kati yake una rangi tofauti na wenzake, na huo ndio uso wenye utando. Ukitazama ukiwa upande wa ndani ya nyumba, unatakiwa uwe wa pili kutoka kwako. Omba dhamana kwa maandishi na usome inasemaje kuhusu puti, kwa sababu ninayoeleza baadaye. Kioo cha ombwe hakikatwi wala hakipunguzwi hata milimita moja, kwa hiyo kosa la kupima ni hasara yako. Kikikaguliwa kwa karibu kina vinundu vidogo sana vilivyopangwa kila baada ya sentimita 2 hivi, vinavyozuia vioo viwili visinyonywe vikagusana, na vingine vina kitufe kwenye kona mahali hewa iliponyonyewa. Baada ya wiki moja hutaviona tena.

Kazi yenyewe

Ifanye kati ya Mei na Septemba. Andaa ubao wa kuziba uwazi usiku, maana hakuna dirisha la zamani lililowahi kumalizika siku moja.

Rangi kwanza, na hapa sina mzaha. Rangi za zamani, hasa zilizopakwa kabla ya miaka ya 1960, zilikuwa na madini ya risasi. Usizipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya daraja la FFP3, tandika plastiki sakafuni, na watoto na mama mjamzito walale kwa jamaa hadi vumbi lisafishwe kwa kitambaa kibichi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Dirisha la kupanda na kushuka hufunguliwa kutoka ndani. Kata rangi kwenye fito la ndani kwa kisu, ling'oe taratibu kuanzia katikati ambako linapinda kirahisi. Bawa la chini litatoka. Kabla hujakata kamba inayobeba bawa, ifunge fundo ili chuma cha uzito, ambacho nitakieleza mbele, kisianguke ndani ya sanduku lake. Kisha fito la katikati, kisha bawa la juu.

Puti ya zamani imekuwa jiwe. Wengi huichimba kwa patasi na wengi huvunja kioo na kuumiza mbao. Joto la taa ya miale ya joto hulainisha puti kwa dakika chache ikatoka kama nta. Ukishaifikia mbao tupu, rudi kwenye alama zako za chaki. Uozo ukatwe wote hadi mbao ngumu, na hapo pachomekwe kipande cha mbao ya aina ileile, kikikatwa mshazari ili maji yateremke. Gundi ya resini ya sehemu mbili inafaa kwa matundu madogo. Ukijaza nayo pembe nzima unafungia unyevu ndani, na utakutana nao tena.

Kama mfuo unahitaji kuongezwa kina, chonga kwa mashine yenye kizuizi, milimita chache kila mkupuo, na ukifika kwenye kona usimame. Kona zimeshikwa kwa ulimi ulioingia kwenye tundu. Ukikata ulimi, bawa lote litalegea. Malizia kona kwa patasi na subira.

Paka mbao tupu rangi ya kwanza, hasa ndani ya mfuo, na ikauke sawasawa. Weka vipande viwili vya plastiki ngumu chini, kimoja robo ya upana kutoka kila kona, kioo kikalie hivyo na si mbao. Bandika utepe, kalisha kioo, angalia nafasi ya milimita 3 pande zote, ziba, kisha piga fito la mbele lenye mteremko wa kumwaga maji.

Kosa langu

Dirisha la kwanza nililolifanya mwenyewe lilikuwa la jikoni. Nilitumia puti niliyoijua, ya mafuta ya kitani, kwa sababu ndiyo niliyoikuta pale na niliona ni heshima kuendelea na mila ya fundi wa kwanza. Majira ya tatu ya baridi, ukungu ukaanza kwenye kona ya chini, katikati ya vioo viwili, mahali kitambaa hakifiki. Miezi sita baadaye kioo kizima kilikuwa kama jicho lenye mtoto. Mafuta ya kitani huyeyusha gundi inayofunga kiunzi cha kioo pacha. Gesi hutoka, unyevu huingia, na hapana dawa ila kununua kipya. Dhamana haikunisaidia kitu. Ilikuwa imeandikwa wazi, na mimi sikuisoma. Tumia puti za kisasa za polima ambazo mtengenezaji wa kioo amezitaja kwa jina. Silikoni zinazonuka siki nazo ziache dukani.

Kapi na uzito

Aliyepanda jahazi atalielewa dirisha la Kiingereza kuliko Mwingereza mwenyewe. Kamba inapita juu ya kapi, upande mmoja bawa, upande mwingine chuma cha uzito kilichofichwa ndani ya sanduku la fremu. Kama henza na tanga: visipolingana, kimoja kitakushinda. Na kioo pacha kinavuruga mizani hiyo yote.

Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Bawa lenye kioo cha sentimita 90 kwa 75 lina eneo la mita 0.68 hivi. Kioo cha zamani cha milimita 3 kilikuwa kilo 5. Vioo viwili vya milimita 4 ni kilo 13 na nusu. Umeongeza kilo 8 na ushei, na vyuma vya zamani haviwezi kuzibeba. Ukifungua dirisha hilo litakuangukia vidoleni. Hapa sitanii, kuna watu waliovunjika.

Pima bawa likiwa na kioo chake kipya kwenye mizani ya bafuni. Vyuma viwili vya bawa la juu vizidi kidogo uzito wake, nusu kilo hivi, ili likae juu. Vya bawa la chini vipungue kidogo, ili likae chini. Sanduku halina nafasi ya chuma kirefu zaidi, kwa hiyo badilisha chuma cha kusubu kwa risasi, ambayo kwa ukubwa uleule huwa nzito mara moja na nusu. Kamba ziwe mpya, za pamba yenye kiini imara. Madirisha ya bawaba hayana sanduku wala kapi, ila kagua bawaba zenyewe: zile za shaba nyembamba zinaweza kuinama kwa uzito huu mpya, na skrubu zake ziwe ndefu.

Nyumba ikishazibwa

Madirisha yetu ya zamani yalikuwa yakipitisha upepo, na upepo ule ulikuwa ukiondoa mvuke wa pilau, wa chai, wa nguo zilizoanikwa juu ya radieta. Ukishaziba kila kitu, mvuke huo hautoki. Utauona ukipanda ukutani kwa namna ya madoa meusi nyuma ya kabati. Feni ya jikoni ifanye kazi, kifuniko kiwe juu ya sufuria ya wali, dirisha la bafuni lifunguliwe dakika kumi baada ya kuoga. Usipofanya haya, utalilaumu dirisha bure.

Jasho nalo lisomwe vizuri. Likiwa upande wa ndani, nyumba ina mvuke mwingi. Likiwa upande wa nje asubuhi ya baridi na anga safi, furahi, maana joto halifiki tena kwenye kioo cha nje. Likiwa katikati, rudi kasome kosa langu.

Kama huwezi kugusa bawa

Mpangaji, mwenye nyumba iliyoorodheshwa, na mwenye kioo cha kale, njia yenu ni dirisha la pili ndani ya la kwanza. Kwa mpangaji linaweza kuwa bamba la akriliki linaloshikwa na utepe wa sumaku, la kutoa ukihama. Kwa mwenye nyumba liwe la kioo, la kuteleza. Ukilenga kelele za barabara, liache mbali na lile la nje, milimita 100 au zaidi. Kwa joto peke yake 20 zinatosha. La ndani lizibwe vizuri, la nje liachwe lipumue kidogo, ili mvuke usikwame katikati.

Na kama nyumba yako ina vibao vya mbao vilivyokunjwa ndani ya kuta za dirisha, vikiwa vimepakwa rangi vikasahaulika, vifungue. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, wakifanya kazi na Historic Scotland, walipima dirisha la zamani la kioo kimoja. Vibao vilivyofungwa vilipunguza joto linalopotea kwa asilimia 51. Pazia zito lilipunguza asilimia 14. Dirisha la pili ndani lilipunguza 63. Bibi zetu walifunga mbao za dirisha magharibi ili mbu wasiingie. Huku fanya vivyo hivyo, baridi isiingie.

Rangi ya nje irudiwe kabla haijapasuka, na irudiwe mapema zaidi kwa madirisha yanayotazama kusini na magharibi, yanayopigwa na jua na mvua za upepo. Ipande juu ya kioo kwa milimita 2, hiyo ndiyo inayozuia maji yasiteremke nyuma ya fito. Nilipofungua kijimlango cha sanduku la uzito kwenye dirisha langu la sebuleni, nilikuta fundi wa kwanza ameandika hesabu ya vyuma vyake kwa penseli juu ya mbao, bado inasomeka. Nimeandika ya kwangu chini yake, pamoja na uzito mpya, unene wa kioo na tarehe. Na wewe andika ya kwako; atakayefungua sanduku hilo baadaye atahitaji kujua bawa lina kilo ngapi.